Kumfunza Upya Mnyama Aliyezoea Mbio

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo hapa kwetu Kakese hutokea mara kwa mara, mvua za Novemba zinapokaribia.

Mtu amevuna mpunga wake, ameuza magunia kadha, naye aona wakati umefika wa kuliweka chini jembe la mkono. Anaye maksai mmoja mzee, mpole, lakini nira yataka wawili. Basi huenda mjini Mpanda, akanunua maksai mwingine ambaye kwa miaka mingi alikuwa akikokota mkokoteni wa mizigo barabarani. Ni mnyama mzuri wa kutazamwa: shingo nene, miguu mizima, macho maangavu. Muuzaji humsifu, husema, "Huyu hana haja ya kufundishwa. Amekwisha kufanya kazi."

Siku ya kwanza shambani mambo huharibika. Maksai yule akisikia uzito wa jembe huruka mbele. Jembe hung'oka ardhini, mwenzake huvutwa upande, na mtoto aliyeshika kamba huko mbele hupigwa kikumbo akaanguka. Akiambiwa asimame, hasimami. Akivutwa kamba, huzidi kukaza shingo. Mwisho wa shamba, panapotakiwa kugeuka, hutoka nje akaingia katika shamba la jirani. Jioni watu hukata shauri: ng'ombe huyu ana wazimu, apelekwe buchani. Tena yuko mzee wa kukumbusha methali isemayo, "Samaki mkunje angali mbichi." Hapo fedha za mavuno zimepotea nusu, na mvua haimngoji mtu.

Nami nasema kwamba mnyama huyo hana wazimu. Amefanya sawasawa na alivyofundishwa. Kasoro ni kwamba alifundishwa kazi nyingine. Na methali ile ni ya kweli, lakini ng'ombe si samaki. Aweza kujifunza hata akiwa mkubwa, ila sharti tujue kitu gani alichokwisha kujifunza kabla hajafika kwetu.

Watu waliolichunguza sana jambo hili ni wapanda farasi. Kwa hiyo niwieni radhi niwachukue kwanza mbali kidogo, mpaka kwenye uwanja wa mbio za farasi, kisha tutarudi Kakese na maksai wetu.

FARASI WA MBIO

Huenda wengi wenu hamjapata kumwona farasi ila katika picha. Sababu kubwa ni mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Nchi yetu ya Katavi, yenye misitu ya miombo, imekuwa maskani ya inzi huyo tangu zamani. Mwaka 1895 David Bruce, tabibu wa jeshi la Uingereza, alipokuwa Zululand katika Afrika ya Kusini, alitambua kwamba ugonjwa wa nagana husababishwa na vijidudu vya damu vinavyochukuliwa na mbung'o. Farasi hushindwa upesi na ugonjwa huo. Tena uko ugonjwa mwingine wa farasi unaoenezwa na visubi. Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili, nao wote wawili walikufa mwanzoni mwa safari, kabla hajafika hata Unyanyembe.

Lakini Nairobi ni mji ulio juu, kiasi cha meta 1,700 kutoka usawa wa bahari, na huko farasi huweza kutunzwa vema. Uko uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, uliofunguliwa mwaka 1954. Farasi wa mbio huanza kufundishwa angali mdogo, na wengi hushindana wakiwa na umri wa miaka 2 au 3. Baada ya miaka michache kasi yake hupungua, au huumia mguu, na kazi ya mbio humwishia. Lakini farasi akitunzwa vema aweza kuishi miaka 25 na zaidi. Afanywe nini basi miaka hiyo yote? Wako watu wanaomchukua wakamfunza upya, ili awe farasi wa kupandwa kwa utulivu na watu wazima na watoto.

Farasi huyo huja na mafunzo yake ya kale. Kwanza, amezoea kwamba hatamu zikikazwa, yeye huegemea lijamu lililo kinywani mwake na kuzidi kwenda. Kwa mtu mwingine kuvuta hatamu maana yake ni "punguza". Kwa farasi wa mbio maana yake ni karibu kinyume cha hayo. Pili, mwili wake umejengwa kwa kazi moja. Farasi yeyote, akisimama tu, miguu yake ya mbele huchukua kiasi cha asilimia 60 za uzito wake. Farasi wa mbio hujinyosha na kuinama mbele zaidi, maana hatakiwi kugeuka ghafula wala kusimama ghafula. Atakiwa kufika mapema. Tatu, miendo ya polepole kwake ni njia tu ya kwendea mbio. Hajafundishwa kukaa ndani yake.

Yafaa niwaeleze miendo hiyo, maana wanafunzi hupenda kuijua. Farasi akitembea, kwato zake hupiga ardhi mara nne, moja baada ya moja. Akienda mchakamchaka, kwato hupiga mara mbili, kwa kuwa mguu wa mbele wa upande mmoja na wa nyuma wa upande wa pili hukanyaga pamoja. Akienda mbio za wastani, hupiga mara tatu, kisha kwa kitambo kidogo miguu yote minne iko hewani. Jaribuni kwa vidole juu ya meza: moja, mbili, tatu, kimya, moja, mbili, tatu, kimya. Akienda shoti, yaani mbio kali kabisa, mapigo huwa manne tena, ya haraka sana, na mnyama aweza kufika mwendo wa kilometa 60 kwa saa.

Taabu iko katika mbio za wastani. Farasi aliyetoka uwanjani akiombwa mwendo huo, huufungua mara moja ukawa shoti, maana ndivyo alivyozoea. Mpandaji asiyejua humshika kwa nguvu za mikono. Farasi huegemea. Mpandaji huzidi kuvuta, na farasi huzidi kuegemea. Mmoja ana uzito wa kilo 70, mwingine kilo 500. Hapana haja ya kuuliza nani atashinda.

MWALIMU MWENYE AKILI AFANYAVYO

Mwalimu mwenye akili haanzi kwa mbio hata kidogo. Kwanza humwacha mnyama majumani kadha apumzike, ale majani na kutembea apendavyo. Humtazama meno, mgongo, kwato na tandiko, maana mnyama mwenye maumivu hukimbia ili ayakimbie maumivu. Kisha huanza kumtembeza.

Humtembeza katika duara kubwa, lenye upana wa meta 20 hivi, kushoto kisha kulia. Duara lenyewe lina kazi. Mnyama akienda njia iliyonyoka huona mbele pa kukimbilia. Akienda duara hapaoni, na mguu wake wa nyuma wa upande wa ndani hulazimika kukanyaga chini ya tumbo na kuchukua uzito. Hivyo njia humpunguza mwendo bila mtu kumvuta.

Ndani ya duara hilo hubadili mwendo mara nyingi. Tembea, simama, tembea. Mchakamchaka hatua kumi, kisha tembea. Kila mara kabla ya kubadili, mpandaji humpa mnyama ishara ndogo ya kumwambia, "Jiweke tayari." Hukaa wima, hufunga vidole juu ya hatamu kidogo, na mara mnyama aitikapo, hufungua vidole. Neno hilo la mwisho lishikeni sana. Kule kufunga huuliza tu. Kule kufungua ndiko kunakofundisha. Mnyama hutafuta raha. Akipata raha saa ile ile aliyofanya jambo fulani, kesho atalifanya tena. Asipolegezewa, hajui kama amefanya vema, naye mwisho huacha kusikiliza.

Baada ya majuma mengi ya kazi hiyo ndipo mwalimu humwomba mbio za wastani, tena hatua sita au nane tu. Hurudi mchakamchaka kabla farasi hajapata nafasi ya kujinyosha. Siku nyingine huongeza hatua mbili. Kwa njia hii mgongo na miguu ya nyuma hupata nguvu mpya, na farasi huweza kwenda polepole kwa sababu mwili wake sasa waweza. Maana kwenda mbio polepole ni kazi ngumu kuliko kwenda mbio kali, kama vile mtu anayeshuka ngazi hatua kwa hatua na ndoo ya maji kichwani hutumia nguvu zaidi ya yule anayeruka tu chini. Kazi hii huchukua miezi.

Sasa na turudi nyumbani.

MKOKOTENI NA JEMBE

Maksai wa mkokoteni na maksai wa jembe hufungwa nira moja, lakini kazi zao hazifanani. Tazameni mzigo wenyewe. Mkokoteni uliojaa magunia ni mzito sana kuuanzisha. Lakini magurudumu yakiisha kuzunguka, mzigo huwa mwepesi. Kwa hiyo ng'ombe wa mkokoteni amejifunza kujitupa mbele kwa nguvu mwanzoni, kisha kufanya haraka wakati mzigo ni mwepesi. Tena barabarani uko mteremko, na kwenye mteremko mkokoteni usio na breki humsukuma mnyama kwa nyuma. Basi amejifunza kuukimbia mzigo wake mwenyewe. Tena barabara imenyoka. Huenda kwa safari nzima hugeuka mara nne au tano tu.

Jembe halina magurudumu. Uzito wake ni ule ule mwanzo, katikati na mwisho. Maksai akijitupa mbele, ncha ya jembe hupanda juu na kukwaruza ardhi tu. Akienda mbio, mshika jembe hawezi kulisimamisha sawa, na mfuo huwa mwembamba hapa na mnene pale. Mwendo unaofaa ni kama kilometa mbili na nusu kwa saa, yaani mwendo wa mtu mzima anayetembea bila haraka.

Hebu tufanye hesabu, nanyi wanafunzi mchukue kalamu. Shamba la eka moja ni kama meta 70 kwa meta 58. Jembe likikata mfuo wa upana wa sentimeta 20, itakuwa mifuo 290 ya urefu wa meta 70. Zidisheni: ni zaidi ya kilometa 20 za kutembea, kwa saa nane hivi bila kuhesabu mapumziko, yaani asubuhi mbili za saa nne nne. Na mwisho wa kila mfuo maksai sharti wapunguze mwendo, wasimame, wageuke na waanze tena. Kwa hiyo katika eka moja tu wanyama hubadili mwendo karibu mara 300. Kumbe kazi ya jembe ni nusu kuvuta na nusu kubadili mwendo. Maksai aliyetoka barabarani ajua ile nusu ya kwanza. Ile ya pili hajapata kufundishwa hata siku moja. Ndiyo maana huonekana ana wazimu.

MAJUMA MANNE YA MAFUNZO

Mkinunua maksai wa namna hiyo, mnunueni Septemba au mapema Oktoba, msingoje Novemba. Majuma matatu ya kwanza hayahitaji mvua. Kila siku fundisheni asubuhi mapema, jua lisijawa kali, kwa muda wa nusu saa mwanzoni, na baadaye saa moja. Mnyama aliyechoka hajifunzi, kama vile mtoto mwenye njaa hajifunzi hesabu.

Juma la kwanza ni la kamba tupu, bila nira. Mtu mmoja tu amshike, na awe ni yule yule kila siku. Mwambie "Twende," umtembeze hatua ishirini. Mwambie "Simama" mara moja tu. Ngoja kama muda wa kuvuta pumzi. Asiposimama, vuta kamba kidogo; na mara asimamapo, legeza papo hapo, umkune chini ya shingo, uhesabu mpaka kumi, kisha uende tena. Utaratibu uwe huo siku zote: kwanza sauti, kisha kamba, na fimbo iwe ya mwisho kabisa, nayo iguse tu. Baada ya siku chache ataitika sauti peke yake, kwa kuwa amejua kwamba sauti huja kabla ya kamba. Mfundisheni na neno la tatu, "Polepole," lenye maana ya kufupisha hatua bila kusimama. Hilo litamsaidia mwisho wa mfuo.

Maneno yachagueni kwa uangalifu. Yawe machache, wala yasifanane kwa sauti. Kwa mfano "kulia" na "kushoto" huanza kwa silabi moja, nasi twataka ng'ombe atambue tangu mwanzo wa neno. Basi chagueni mawili yanayoachana sana, na watu wote wa nyumbani wayatumie hayo hayo. Ng'ombe hajui maana ya lugha, ajua sauti tu. Leo akiambiwa "Simama," kesho "Wee," keshokutwa apigiwe mbinja, amefundishwa mambo matatu na hakushika hata moja.

Juma la pili ni la nira bila mzigo. Mfungeni pamoja na maksai wenu mzee, kwa maana mnyama huyo ndiye mwalimu bora kupita sisi sote. Kila mmoja mpeni upande wake, asiubadili. Watembezeni katika duara kubwa, kama mtu wa farasi afanyavyo, kisha siku kwa siku mlipunguze duara. Hapo yule wa ndani atajifunza kufupisha hatua, na yule wa nje kuzirefusha. Geukeni kushoto na kulia, ili kila mmoja apate zamu ya ndani na zamu ya nje.

Juma la tatu ni la gogo. Fungeni mnyororo kwenye gogo la kiasi, si zito. Gogo ni dawa ya mkokoteni, maana halizunguki wala halisukumi. Akisimama, nalo lasimama. Hapo ndipo mnapoponya ile tabia ya kuruka mwanzoni. Waacheni wanyama waegemee nira mpaka mnyororo ukazike, na mkisema "Twende" waondoke kwa kutembea. Maksai akiruka, msimpige. Semeni "Simama," tulieni, mwanze tena. Yawezekana siku ya kwanza mtaanza mara ishirini msiende mbali. Msione mmepoteza asubuhi, kwa sababu kule kuanza ndiko somo lenyewe.

Juma la nne ni la jembe, mvua za kwanza zikiisha kulainisha ardhi. Chimbeni mfuo usio na kina kirefu, wa meta 30 tu. Wala msisimame mwisho wa mfuo peke yake. Simameni katikati, simameni robo, siku nyingine pitilizeni. Mnyama ni mwepesi kuhesabu: akijua kwamba pa kusimama ni mwisho tu, atakimbilia mwisho. Asipojua ni wapi, atatega sikio.

JUU YA MTOTO ANAYESHIKA KAMBA

Hapa nataka kusema neno moja kwa wazazi. Desturi yetu ni kumweka mtoto mbele ya ng'ombe, awaongoze kwa kamba. Sasa fikirini. Macho ya ng'ombe yako pande mbili za kichwa, naye huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa. Maksai wa mkokoteni amezoea kuendeshwa kutoka nyuma, kwa sauti na fimbo. Mbele yake ilikuwa njia tupu. Akiwekewa mtoto mbele, kwake ni jambo geni linalotembea karibu na pembe zake. Akistuka, mtoto hana pa kukimbilia, kwa kuwa nyuma yake wanakuja maksai wawili wenye kilo 600.

Kwa hiyo katika majuma matatu ya kwanza kazi ya kamba na iwe ya mtu mzima. Nami kwa kuwa ni mwalimu, ninayo sababu nyingine. Wanyama walioshika somo la kusimama na kugeuka kwa sauti hawahitaji mtoto mbele. Mshika jembe mwenyewe huwaambia kutoka nyuma, nao husikia. Kila Novemba viti vyaonekana vitupu darasani, na ukiuliza waambiwa fulani analima na baba yake. Majuma manne ya kumfundisha ng'ombe yaweza kumwachia mtoto majuma mengi ya kufundishwa yeye.

TAZAMENI MWILI KABLA YA KULAUMU TABIA

Nilisema kwamba mwalimu wa farasi hutazama kwanza meno na mgongo. Nasi tutazame shingo. Nira iliyochongwa vibaya, yenye ukingo mkali au fundo la mti, humchoma mnyama kila hatua. Pitisheni mkono mtupu juu yake. Ikiwa yakwaruza mkono wenu, yaumiza na shingo. Nira na ikae sawa, isiinamie upande mmoja, na maksai wawili wawe karibu na kimo kimoja. Kidonda kikitokea, pumzisheni mnyama mpaka kipone. Kufunga nira juu ya kidonda ni kumfundisha ng'ombe kuichukia nira.

Tazameni pia kwato, na tazameni tumbo. Maksai wa kilo 300 aweza kuvuta kwa nguvu ya uzito wa kilo 30 hivi kwa asubuhi nzima, yaani sehemu moja katika kumi ya uzito wake. Wawili huvuta kilo 60. Lakini kazi ya kulima huwajia wakati mbaya kabisa wa mwaka, mwisho wa kiangazi, nyasi zimekwisha na mbavu zahesabika. Mwenye busara huweka akiba tangu mavuno: mabua ya mahindi, mabua ya mpunga na majani ya karanga, yaliyokaushwa na kufunikwa. Na kazi ikome saa nne asubuhi, au mapema zaidi jua likiwa kali, maana ng'ombe huhitaji saa sita mpaka nane za kuchunga, na nyingine nyingi za kucheua. Usipompa nafasi hiyo, wala chakula chake cha usiku, hana nguvu za kesho.

Tena mnyama aliyedhoofu ijapokuwa anakula, manyoya yamesimama, aliyechoka upesi kuliko mwenzake, huenda ana nagana au ugonjwa wa kupe. Huyo haitaji mafunzo, ahitaji dawa. Mwoneni afisa mifugo.

MAKOSA YANAYOONEKANA MARA NYINGI

La kwanza ni kuvuta kamba bila kuilegeza. Kamba iliyokazwa saa zote ni kama mtu asemaye bila kunyamaza. Mwisho hakuna amsikilizaye. La pili ni watu wawili au watatu kupiga kelele pamoja, mmoja asema nenda, mwingine asema simama. La tatu, nalo ni baya kuliko yote, ni kumpiga mnyama baada ya kusimama, kwa hasira ya vile alivyokimbia. Ng'ombe hajui kwamba apigwa kwa ajili ya mbio zilizopita. Ajua kwamba amesimama, na kwamba amepigwa. Basi mara nyingine hatasimama.

Sisemi kwamba kila maksai atafaa. Yuko mnyama anayemkabili mtu makusudi kwa pembe, tena zaidi ya mara moja, hata akiwa hana maumivu. Huyo msimweke nyumbani penye watoto. Lakini kukimbia peke yake si ukali. Ni somo la zamani ambalo bado halijapata somo jipya la kulifunika.

Basi mtu aliyenunua maksai wa barabarani asikate shauri siku ya kwanza, wala ya pili. Ampe mwezi mmoja, asubuhi kwa asubuhi. Siku atakapoona maksai yule, mwisho wa mfuo, amesikia neno "Polepole," akafupisha hatua mwenyewe, akangoja mwenzake azunguke, ndipo akaegemea nira na kuondoka bila kuruka, atajua kwamba fedha zake za mpunga hazikupotea. Wahenga walisema, "Mwenda pole hajikwai," nasi tunaoshika jembe twaweza kuongeza kwamba mfuo wake hunyoka.

Kwaherini, na Mungu awajalie mvua ya kutosha.